Je, Benza Inafika Kichwani? Mjadala wa Mazimbu

Hoja iliyo mezani ni hii: sindano ya benzathini penisilini, ile ya takoni ambayo wauguzi huiita benza kwa mkato, haitoshi kutibu kaswende, kwa sababu dawa yake haiingii kwenye maji ya uti wa mgongo. Vimelea vilivyokwisha kupanda kichwani vinabaki huko salama salimini.

Meza nimeiweka Mazimbu, kilomita chache kutoka Morogoro mjini, Milima ya Uluguru ikionekana vizuri asubuhi kabla ya mawingu. Hapa palikuwa shamba la mkonge. Tanzania ikawapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, wakaanza kujenga shule ya Solomon Mahlangu mwaka 1978, na mwaka 1984 ikafunguliwa hospitali iliyojengwa kwa michango ya Waholanzi. Mwaka 1992 wenyewe wakarudi kwao na majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Kwa hiyo si ajabu hapa kumkuta daktari wa mifugo na muuguzi wakinywa chai kibanda kimoja. Wazungumzaji wangu nimewatunga. Dozi, miaka na tafiti wanazozitaja sikuzitunga.

Daktari ni kijana, ana miaka michache kazini. Sista amestaafu. Mfamasia ndiye mwenye funguo za stoo. Mwalimu anafundisha tiba ya mifugo. Mzee hakualikwa, alikuja kununua vitumbua, akasikia neno kaswende, akavuta kiti.

DAKTARI: Shikamooni. Naanza na namba. Benza imetengenezwa makusudi iyeyuke polepole. Ukichoma yuniti milioni 2.4, dawa inajikusanya msulini na kuvuja kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu. Damuni utaipata, kidogo lakini ya kutosha, maana kinachotakiwa kuua kimelea cha kaswende, Treponema pallidum, ni mikrogramu 0.018 tu kwa mililita. Sasa pima maji ya uti wa mgongo ya mtu huyo huyo. Mara nyingi hupati kitu. Mwaka 1976 Wamarekani walitoa ripoti ya wagonjwa 13 waliochomwa benza yuniti milioni 3.6 kila wiki, dozi kubwa kuliko yetu. Kwa 12 kati yao penisilini haikuonekana kabisa kwenye maji hayo. Tunamtibu mtu shingo kwenda chini.

SISTA: Marahaba, Dokta. Wewe umeshawahi kuichanganya benza kwa mkono wako?

DAKTARI: Mara moja moja.

SISTA: Mimi nimeichanganya miaka yote. Unaingiza maji ya sindano kwenye kichupa, unatikisa mpaka unga wote ulowane, unakiviringisha viganjani kipate joto. Unavuta kwa sindano nene. Hapo usizubae, maana ukichoma ukasita, dawa inaganda inaziba, na mgonjwa ameshakunja uso. Unachomoa, unabadilisha sindano, unamwomba radhi, unarudia. Nusu tako hili, nusu tako lile. Akishuka kitandani anachechemea. Nimewachoma wajawazito kwa dawa hiyo hiyo unayosema haifiki, na watoto wao nimewapokea wakilia kwa nguvu. Sikuota mimi. Mwanza walifuatilia jambo hili wakachapisha mwaka 2002. Kwa wanawake ambao hawakupimwa, asilimia 51 ya watoto waliozaliwa wafu chanzo kilikuwa kaswende ya mama. Kwa waliopimwa wakachomwa benza moja, mimba ziliishia kama za wanawake wasio na ugonjwa. Benza moja, Dokta!

DAKTARI: Hilo silipingi, Sista. Ila kondo la nyuma si ubongo. Penisilini inavuka kondo la nyuma bila shida.

MZEE: Ngojeni kwanza, wanangu. Damu si inakwenda kichwani? Sasa dawa iliyomo kwenye damu inakataliwa na nani?

Swali la Mzee ndilo kiini cha mambo, na Mfamasia alilipenda.

MFAMASIA: Mishipa ya damu ya kichwani, mzee, haivuji ovyo kama ya kwingine. Seli zake zimebanana. Dawa inayopenda mafuta inajipenyeza. Penisilini inapenda maji na imebeba chaji, kwa hiyo nyingi inabaki nje. Hicho kidogo kinachopita kinakutana na pampu kwenye vishada vya mishipa vinavyotengeneza maji yenyewe, na pampu zinakirudisha kwenye damu. Ni konda wa daladala: abiria akitia mguu, anashushwa.

MZEE: Konda wa wapi anayeshusha abiria?

MFAMASIA: Wa asubuhi, akimwona mwanafunzi.

MZEE: Ah, hapo nimekuelewa.

MFAMASIA: Halafu maji yenyewe hayatulii. Mtu mzima ana kama mililita 150, lakini mwili unatengeneza karibu 500 kwa siku, ina maana yanabadilishwa mara tatu na zaidi kila siku, na kila yakibadilishwa yanaondoka na dawa. Kwa hiyo njia ni mbili. Ya kwanza, unajaza damu kwa penisilini nyingi kiasi kwamba hata sehemu ndogo inayopenya inatosha. Hiyo ndiyo X-pen, penisilini ya kawaida ya mshipani, yuniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, siku 10 hadi 14. Na kwa kuwa penisilini ya kawaida inapungua kwa nusu damuni kila baada ya kama nusu saa, inabidi uirudie kila saa nne. Njia ya pili ni PPF, yaani penisilini ya prokaini, ya msulini kila siku, yuniti milioni 2.4, pamoja na vidonge vya probenesidi vya miligramu 500 mara nne kwa siku. Probenesidi ni kundi jingine la wanafunzi: linamng'ang'ania konda mlangoni, na wakati anazozana nalo, penisilini inakaa kitini. Inazuia figo pia zisiitupe dawa haraka.

DAKTARI: Mnaona? Wenyewe mnakiri kwamba benza haimo kwenye orodha.

MWALIMU: Kwenye orodha ya nani? Ya mgonjwa ambaye kaswende imeshamvuruga mfumo wa fahamu. Hoja yako ni ya wote, hata msichana mwenye kidonda cha wiki mbili. Hapo ndipo ninapokukatalia.

Mwalimu alikuwa amenyamaza muda mrefu, kama wanavyofanya watu waliozoea wagonjwa wasiosema. Alichokitoa ndicho nilichokitaka kwenye mjadala huu tangu mwanzo.

MWALIMU: Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 541 wenye kaswende ya mapema, 101 kati yao wakiwa na virusi vya UKIMWI. Wote walipewa benza moja. Nusu yao wakaongezewa amoksilini gramu 2 na probenesidi mara tatu kwa siku kwa siku kumi, makusudi ili dawa ifike huko juu. Kabla ya tiba walitoa maji ya uti wa mgongo kwa baadhi, na katika watu 131 waliopimwa, kimelea kilikutwa kwa 32. Takriban robo, Dokta. Kwa hiyo umesema kweli, kinapanda kichwani mapema. Lakini matokeo? Walioongezewa dawa hawakupona vizuri zaidi ya waliochomwa benza peke yake. Kati ya wote, ugonjwa ulirudi kwa dalili za wazi kwa mtu mmoja tu. Na kuwa na kimelea kwenye maji hakukuonyesha nani tiba itamshinda.

DAKTARI: Na wale walioripotiwa mwaka 1987? Watu wenye virusi vya UKIMWI, wamechomwa benza kama kitabu kinavyotaka, kisha wakarudi na kaswende ya ubongo?

MWALIMU: Wapo. Ndiyo maana utafiti wa 1997 uliwaingiza watu 101 wa aina hiyo. Na leo wengi wako kwenye ARV, kinga yao si ile ya 1987.

Naingilia hapa, kwa haki ya mwenye meza. Daktari anauliza kama dawa inaingia kwenye maji. Jibu ni hapana, au kidogo mno. Mwalimu anauliza kama mtu asiye na dalili, akichomwa benza, ataugua ubongo baadaye. Jibu ni kwamba ni nadra. Majibu yote mawili ni kweli, na anayetumia la kwanza kuvunja la pili anasahau kwamba mgonjwa ana kinga yake mwenyewe. Benza inavunja nguvu ya ugonjwa mwilini kote, na kwa watu wengi kinga inamalizia kilichobaki. Kipimo cha maabara kinaeleza kiasi cha dawa kilichomo kwenye kichupa cha maji. Hakielezi mtu atakuwaje baada ya miaka mitano. Tukifuata hoja ya Daktari ilivyoandikwa, kila mwenye kaswende alazwe wiki mbili, na nakuhakikishia wengi hawatarudi hata kuchukua majibu.

Lakini Daktari hakuwa amemaliza, na safari hii alikuja na mtu.

DAKTARI: Basi niacheni nimchore mgonjwa. Ana miaka arobaini na tano, analeta karoti na kabichi kutoka Mgeta. Jicho la kushoto lina ukungu kwa mwezi mzima, sikio linavuma. Alipewa matone ya macho, hayakusaidia. Kipimo cha haraka cha kaswende kinaonyesha mistari, na RPR, kipimo cha damu cha kiwango cha ugonjwa, iko juu. Mnajua atakachopewa? Benza tatu, moja kila wiki, kwa sababu ugonjwa umekaa muda mrefu. Kisha anaambiwa amepona.

SISTA: Tatu si nyingi kuliko moja?

MFAMASIA: Ni nyingi kwa muda, Sista. Kwa kiwango cha siku moja ni ile ile. Kimelea hiki kinazaliana taratibu, kama saa 30 hivi kwa kila kizazi, na kwenye kaswende ya zamani tunadhani kinakwenda taratibu zaidi, kwa hiyo tunairefusha dawa ili kikutwe. Hiyo ndiyo maana ya sindano tatu. Haziwezi kuipandisha dawa damuni mpaka imwagikie kichwani, hata ukichoma kila wiki mwaka mzima. Wale 13 wa mwaka 1976 si walikuwa wanachomwa kila wiki?

Sista alinyamaza, akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

SISTA: Kwa mtoto mchanga tunajua hivyo. Mtoto akizaliwa na dalili za kaswende hatumchomi benza moja tukamrudisha nyumbani. Ni siku 10 hadi 15, X-pen mshipani au PPF kila siku. Hakuna anayebisha. Sijui kwa nini kwa baba yake tunabisha.

Nimeiacha kauli hiyo kama ilivyo, kwa sababu sioni mtetezi wa hoja aliyeitetea vizuri kuliko mpinzani huyu.

MZEE: Huyo wa Mgeta mtajuaje kama kichwani mna kitu? Mtamchoma mgongo?

DAKTARI: Tutatoa maji ya uti wa mgongo, ndiyo. Tunahesabu chembe nyeupe, tunapima protini, tunafanya kipimo cha kaswende cha VDRL kwa maji hayo. VDRL ikisema ndiyo, ni ndiyo. Ikisema hapana, bado huwezi kuapa.

MZEE: Watu wanaogopa, mwanangu. Wanasema anayetolewa maji ya mgongo hasimami tena, au anakufa.

SISTA: Wanachokiona ni kwamba tunawachoma wagonjwa walio mahututi. Akifa kwa homa ya uti wa mgongo, lawama inabebwa na sindano.

MWALIMU: Na si kila woga ni wa kijinga. Marekani, Tuskegee, kuanzia 1932 mpaka 1972 wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili wachunguzwe. Walipohitajika kutolewa maji ya uti wa mgongo waliambiwa ni matibabu maalumu ya bure. Penisilini ilipopatikana, wakanyimwa. Mtu akikuuliza unanitoa maji ya nini, mweleze mpaka aelewe.

DAKTARI: Na kwa jicho au sikio, siku hizi maji si sharti. Kama dalili ni za jicho peke yake na daktari wa macho amezithibitisha, au ni za sikio peke yake, na damu ina kaswende, unaanza tiba ya mfumo wa fahamu hata bila kuchoma mgongo. Jicho halisubiri.

SISTA: Haya, umemlaza. Sasa nihesabie. Kila saa nne: saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, saa nane usiku, saa kumi na mbili alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana. Mara sita kwa siku, siku 14: dozi 84. Kanula inavimba siku ya tatu, unatafuta mshipa mwingine. Saa nane ya usiku wodi ina muuguzi mmoja na kuna mama anajifungua upande wa pili. Nani ataruka dozi? Wote tunajua.

MFAMASIA: Na ukiniambia PPF na probenesidi, PPF naweza kukutafutia. Probenesidi ni dawa ya jongo ambayo watu wengi wameacha kuiagiza; siwezi kukuahidi.

DAKTARI: Seftriaksoni, basi. Gramu 1 hadi 2, mara moja kwa siku, siku 10 hadi 14. Iko kila wodi. Haiishi damuni haraka kama X-pen, na utando wa ubongo ukiwa umevimba inapenya vya kutosha. Wafaransa walichapisha mwaka 2021 wagonjwa 208 wa kaswende ya mfumo wa fahamu, 42 kati yao wakiwa wametibiwa kwa seftriaksoni, na hawakuwa na matokeo mabaya kuliko wa penisilini. Walikuwa afadhali hata.

MWALIMU: Walirudi kusoma mafaili, hawakupiga kura nani apewe nini. Wa seftriaksoni wangeweza kuwa wagonjwa nafuu tangu mwanzo.

DAKTARI: Nakubali. Lakini kati ya X-pen inayorukwa saa nane usiku na seftriaksoni inayochomwa kila asubuhi bila kukosa, wewe ungechagua ipi kwa jicho lako?

MWALIMU: Kwa jicho langu? Penisilini, nikiwa na Sista wawili usiku. Nikiwa na mmoja, seftriaksoni.

Hilo ni jibu la mtu mzima. Miongozo inaiweka penisilini ya mshipani mbele na seftriaksoni nyuma yake, na kwa asiyepatana na penisilini kuna doksisaiklini miligramu 200 mara mbili kwa siku kwa siku 28, ambayo inapenda mafuta na hupenya vizuri zaidi, ingawa ushahidi wake ni mwembamba na haifai kwa mjamzito. Mjamzito asiyepatana na penisilini hupelekwa hospitali kubwa, azoeshwe dawa hiyo kidogo kidogo chini ya uangalizi. Mgonjwa wa Mgeta naye anaweza kufika kila asubuhi kwa bodaboda kuchomwa seftriaksoni, kisha akarudi kupanga karoti zake.

MZEE: Mimi swali langu la mwisho. Mimi utotoni niliugua buba. Nilichomwa sindano, nikapona. Juzi nimepimwa, naambiwa nina kaswende. Mke wangu hajanielewa mpaka leo.

Kibanda kilicheka, Mwalimu hakucheka.

MWALIMU: Mzee, buba na kaswende ni ndugu wa damu, kimelea ni Treponema pallidum, ukoo tofauti tu. Kipimo cha haraka hakiwatofautishi, na mistari yake inaweza kubaki maisha yote hata baada ya kupona. Kwetu SUA tunalijua hilo kwa sababu ya nyani. Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa chuo chetu, walichapisha uchunguzi wa nyani, ngedere na jamaa zao 289 wa spishi nane hapa Tanzania, wakakuta maambukizi yameenea sana. Wale nyani hawajaingia gesti yoyote. Mpeleke mkeo kwa Dokta, mpimwe RPR wote wawili. Hicho ndicho kipimo kinachopanda na kushuka. Baada ya tiba tunataka kishuke mara nne.

MZEE: Afadhali umesema mbele ya watu.

SISTA: Na ukichomwa, Mzee, usiku homa ikikupanda na mwili ukauma, usije ukasema dawa imekukataa. Ni vimelea vinakufa kwa mkupuo. Kesho yake inaisha. Wengi wamekimbia tiba kwa homa hiyo ya siku moja.

Natoa uamuzi. Hoja kama ilivyoandikwa imeanguka. Benza haijashindwa: kwa mwenye kidonda, mwenye vipele, mjamzito aliyekutwa na kaswende kliniki, na kwa mwenye ugonjwa uliojificha bila dalili yoyote ya kichwa, macho wala masikio, ndiyo dawa yake, na asiongezewe kitu kwa sababu ya hofu ya maji ya uti wa mgongo. Aliyeshinda mjadala hata hivyo ni Daktari, kwa mgonjwa wake wa Mgeta. Mwenye ukungu wa jicho, sikio linalovuma au kuziba ghafla, kichwa kisichotulia, uso uliopinda upande mmoja, kiharusi cha ujanani, au akili iliyobadilika bila sababu, benza tatu kwake ni kumdanganya. Na kosa kubwa hutokea kabla dawa haijachaguliwa: mgonjwa anapimwa damu, anachomwa, anaondoka, na hakuna aliyemuuliza habari ya macho yake. Kuuliza ni dakika tatu. Ningetaka maswali hayo yabandikwe ukutani juu ya meza ya sindano, na ningetaka kila anayefikishwa hospitali kwa kuchanganyikiwa ukubwani, iwe hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe au kwingineko, apimwe kaswende kabla ya kupewa jina la ugonjwa wa akili.

Wewe msomaji, kama uliwahi kuchomwa sindano ya kaswende, iwe mwaka jana au miaka kumi iliyopita, na sasa jicho au sikio linakusumbua, usimwambie daktari habari ya jicho peke yake. Mtajie na ile sindano.